Kuku kumi na mbuzi watatu kwenye kiwanja kidogo: vifo hutokea wapi, na namna ya kuvizuia

Tetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, huatamia siku 21, hulea vifaranga wake, kisha huanza tena. Akiachwa ajiendee mwenyewe hupata mizunguko mitatu hivi kwa mwaka. Tetea kumi, kila mmoja mayai 12 kwa mzunguko, ni mayai 360. Yakianguliwa manane katika kila kumi, ni vifaranga zaidi ya 280. Sasa toka uani mwezi wa Desemba uhesabu. Nyumba nyingi za Uganda, kuanzia Tororo hadi Arua, humaliza mwaka na kuku wale wale kumi walioanza nao, na hao waliopungua hawakuliwa wala hawakuuzwa. Walikufa kabla ya wiki ya nane.

Kwa mbuzi ni vivyo hivyo. Jike hubeba mimba siku 150 hivi na akitunzwa anaweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili, mara nyingine pacha. Wanaokufa, wengi hufa kabla ya kuachishwa kunyonya. Ndiyo sababu mwongozo huu unakaa sana kwenye vifaranga, sakafu ya banda la mbuzi na minyoo, na kupita haraka kwenye mambo ambayo kuku na mbuzi wazima huyamudu wenyewe.

Kabla ya kuleta mnyama

Kiwanja cha futi 50 kwa 100 chenye nyumba ya kuishi kinaweza kubeba tetea kumi, jogoo mmoja, na mbuzi jike wawili au watatu wanaoletewa majani bandani. Beberu usinunue. Kwa majike watatu hana kazi: anakula mwaka mzima, ananuka hadi sebuleni, na binti zake wakikomaa atawapanda. Beberu mmoja hutosha majike 20 hadi 30, kwa hiyo elewana na jirani mwenye beberu mzuri.

Utaratibu ni huu: panda majani, jenga mabanda, leta kuku, mbuzi waje mwisho. Watu wengi hufanya kinyume. Mbuzi hununuliwa siku ya soko akafungwa kwenye mwembe, na banda huanza kuzungumzwa mvua ikishanyesha.

Majani ya kupanda kwanza ni kaliandra, mti mdogo wa jamii ya kunde, kwenye mstari wa uzio. Loweka mbegu kwenye maji baridi saa 48, otesha kitaluni, kisha hamisha miche mvua zinapoanza: Machi au Septemba kwa walio katikati na kusini, Aprili kwa walio kaskazini, Gulu au West Nile. Acha nafasi ya sentimita 50 kati ya mche na mche, mistari miwili iliyopishana. Usikate kabla ya miezi tisa. Ukikata, acha shina la mita moja. Kwa kipimo, miche 500 iliyokomaa hutoa takriban kilo 6 za majani mabichi kwa siku, kwa hiyo uzio wa kiwanja kimoja hautalisha mbuzi watatu peke yake. Utakupa sehemu ya protini, na tumbo litajazwa na mabingobingo, marando ya viazi vitamu, maganda ya matoke (ndizi za kupika) na majani ya mfenesi.

Banda la kuku

Chumba cha mita 2 kwa 2 kinatosha kuku kumi na moja na kubakiza nafasi ya matemba, yaani majike ambao hawajaanza kutaga. Kanuni ni kuku wazima wanne au watano kwa kila mita ya mraba. Ukuta unaweza kuwa wa udongo, mabanzi au matofali. Sehemu ya juu ya ukuta iache wazi, sentimita 40 hivi, uzibe kwa wavu. Hapo pana jambo wengi hulikosa: wavu wa kawaida wa kuku humzuia kuku kutoka, lakini panya hupita. Weka wavu wa matundu ya nusu inchi, hata kama itabidi ununue kipande kidogo tu.

Fito za kulalia ziwe za mviringo, unene wa sentimita 4 au 5, kila kuku apate sentimita 20. Zote ziwe kimo kimoja. Zikipangwa kama ngazi, kila kuku atataka ya juu na watasukumana usiku kucha. Viota vitatu vya sentimita 30 kwa 30 vinatosha; viweke kwenye kona yenye giza, mbali na fito, la sivyo kuku watalala humo na kuvichafua.

Tetea akiacha mayai aliyokuwa anaatamia, kabla ya kumlaumu pitisha kitambaa cheupe chini ya fito usiku. Kikitoka na vidoa vyekundu, una utitiri. Hao hujificha kwenye nyufa mchana na kufyonza damu usiku, na tetea anayeatamia hawezi kuwakimbia. Choma nyasi za viota, mwagia fito na nyufa maji yanayochemka, kisha paka mafuta ya taa kwenye maungio ya mbao, kuku wakiwa nje mpaka yakauke.

Kuatamisha tetea kwa pamoja

Ukiacha kila tetea aangue kwa wakati wake utakuwa na vifaranga wa umri tofauti uani, huwezi kuwachanja kwa siku moja, na wakubwa watawanyang'anya wadogo chakula. Panga hivi:

1. Kusanya mayai kila siku, andika tarehe kwa penseli. Yahifadhi mahali penye baridi, ncha nyembamba ikitazama chini, na usiyaweke zaidi ya siku saba. Usiyaoshe. Yenye uchafu mwingi peleka jikoni.

2. Tetea wa kwanza akianza kuatamia, mwachie mayai mawili ya kumdanganya, yaliyochemshwa na kuwekwa alama. Atakaa juu yake ukimsubiri wa pili na wa tatu. Usimsubirishe zaidi ya wiki moja.

3. Wakiwa tayari wawili au watatu, wapake dawa ya unga ya chawa na viroboto chini ya mabawa na kuzunguka mkia. Badilisha nyasi za kiota. Usiku wa siku hiyo ondoa ya uongo na uwawekee mayai halisi, 10 hadi 12 kila mmoja. Tetea mdogo asizidishiwe tisa.

4. Weka maji na nafaka umbali wa hatua moja kutoka kiotani. Anapaswa kushuka mara moja kwa siku, anywe, anye, arudi. Asiposhuka mshushe mwenyewe.

5. Siku ya saba, gizani, shika kila yai juu ya taa ya simu. Lenye mishipa myekundu iliyotandaa ni zima. Lililo angavu halikurutubishwa. Lenye duara la damu limekufa. Yaondoe yote mawili. Rudia siku ya 14. Kuanzia siku ya 18 usiguse kitu.

6. Siku ya 22, mayai yaliyobaki toa nje. Yakiachwa yatapasuka na kuchafua kiota.

Mayai mengi yakiwa angavu, kosa ni la jogoo au la idadi. Jogoo mmoja kwa tetea wanane hadi kumi, na asiwe mzee wala ndugu yao. Yakifia ndani kwa wingi, mara nyingi mayai yalikaa sana kabla ya kuatamiwa, au tetea alikuwa akiyaacha usiku kwa sababu ya utitiri.

Vifaranga wakishakauka, watoe wote upeleke kwenye sehemu ya kulelea. Hawa tetea watatu wape chakula kizuri, wakae mbali wasisikie sauti za vifaranga, na baada ya wiki mbili au tatu wengi watarudi kutaga. Kwa njia hiyo mizunguko hupanda kutoka mitatu hadi mitano kwa mwaka. Lakini usifanye hivi kama huna chakula cha vifaranga. Mama asiye na kitu huwafundisha wanawe kuchakura; wewe huwezi.

Wiki nane za kwanza

Kwa vifaranga 30, tengeneza mduara wa mita moja kwa maboksi au mkeka wa mafunjo, kimo cha sentimita 45. Mduara, kwa sababu kwenye pembe hurundikana na kukanyagana mpaka wa chini wafe. Chini tandika maganda ya kahawa au maranda, unene wa sentimita 5, yaliyoanikwa juani kwanza. Maganda yenye ukungu huwapa ugonjwa wa mapafu ambao hauna dawa. Unga wa msumeno usitumie, wataula. Siku tatu za mwanzo funika kwa magazeti ili waone chakula.

Joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza nyuzi tatu hivi kila wiki mpaka manyoya yakamilike. Kipimajoto si lazima. Wakijibana chini ya moto wakilia, ni baridi. Wakikimbilia ukingoni midomo wazi, ni joto. Wakitawanyika na kulala huku na huku, acha hivyo hivyo. Wakijibana upande mmoja tu, tafuta upepo unapoingilia.

Chanzo cha joto ndicho kinachoua wengi Uganda. Balbu za LED, ambazo ndizo zimejaa madukani siku hizi, hutoa mwanga bila joto la maana. Unahitaji balbu ya waya ya wati 60 au 100, au balbu maalumu ya vifaranga. Umeme hukatika, kwa hiyo sigiri au chungu cha makaa kiwe tayari. Washa makaa nje, subiri yawe mekundu bila moshi, ndipo uingize ndani, na sehemu ya juu ya chumba ibaki wazi. Hewa ya makaa ni sumu isiyo na harufu, na chumba kilichofungwa kabisa "ili wasipate baridi" hukutwa asubuhi na vifaranga wote wamelala kimya. Mtu naye asilale humo.

Maji yawe kwenye chombo kisicho na kina, na kokoto ndani, wasizame. Badilisha mara mbili kwa siku.

Chakula: kila kifaranga atakula kilo moja na nusu hivi mpaka wiki ya nane, kwa hiyo vifaranga 30 wanahitaji takriban kilo 45. Cha dukani ni salama zaidi kwa wiki mbili za mwanzo. Ukitaka kuchanganya mwenyewe, kilo 20 hupatikana hivi:

Mahindi yaliyosagwa nusunusu, kilo 10
Pumba za mahindi, kilo 3 na nusu
Soya iliyokaangwa na kusagwa, kilo 4
Mukene (dagaa) uliosagwa, kilo 2 na robo
Maganda ya konokono yaliyosagwa au chokaa ya mifugo, gramu 200
Mchanganyiko wa vitamini na madini wa dukani, kama pakiti inavyoelekeza
Chumvi, gramu 50

Soya mbichi usithubutu. Ina kitu kinachozuia protini kumeng'enywa, kifaranga anakula anadumaa. Ikaange mpaka ibadilike rangi kuwa ya kahawia na itoe harufu ya karanga. Mukene nao una ujanja wake: mwingi hukaushwa juu ya mchanga ufuoni, na kilo unayolipia inaweza kuwa na mchanga wa kutosha kujengea. Kabla ya kununua gunia, chukua kiganja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, tazama kinachotua chini. Nunua ulioanikwa kwenye nyavu au vichanja, ingawa bei iko juu. Na mahindi yenye ukungu, hata yakiwa ya bure, usiyachanganye. Sumu yake haiondoki kwa kuanika wala kwa kupika.

Kati ya wiki ya tatu na ya sita angalia kinyesi kila asubuhi. Damu au rangi ya chokoleti, kifaranga amejikunyata na mabawa yameanguka, ni koksidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo. Chanzo ni matandiko yenye unyevu, hasa kuzunguka chombo cha maji. Toa yaliyolowa, weka makavu, na uwape amprolium kwenye maji ya kunywa kwa siku na kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Watu huacha siku ya pili wakiona vifaranga wamechangamka. Maliza dozi.

Chanjo: Newcastle (kideri) siku ya 7, Gumboro (ugonjwa wa virusi unaovunja kinga ya vifaranga) siku ya 14, Newcastle tena siku ya 21, Gumboro tena siku ya 28, ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8 kwa kuchoma ngozi ya bawa. Vifaranga wa kununua, kama wale chotara waitwao Kuroiler, wawe wamechanjwa dhidi ya Marek, ugonjwa wa virusi unaopoozesha, siku ya kwanza huko walikoanguliwa. Uliza kabla ya kulipa.

Baada ya wiki ya nane watoe nje. Mwewe hatawabeba tena kirahisi.

Kideri, yaani Newcastle

Huu ndio ugonjwa unaosafisha kijiji kizima. Kuku huharisha kijani, hupumua kwa shida, shingo hujipinda, na ndani ya siku chache wengi wamekwisha. Hauna tiba. Vidonge vya binadamu, pilipili, mwarobaini na majivu havijawahi kuuzuia. Anayepona alikuwa apone.

Hushika sana kiangazi, na kwa Uganda unaongezwa nguvu na sikukuu: Desemba kuku husafirishwa kila upande kwenye bodaboda na juu ya mabasi, mmoja akiwa na virusi anawapelekea wengine. Kwa hiyo chanja katikati ya Novemba, usisubiri kusikia vifo kwa jirani. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Rudia kila miezi mitatu, ukitumia katikati ya Februari, Mei, Agosti, kisha Novemba tena.

Chanjo ya I-2 inavumilia joto kuliko nyingine na ndiyo inayofaa mahali pasipo na friji, ila isikae juani. Nyingine hutaka nyuzi 2 hadi 8 muda wote. Ichukue na chupa ya chai yenye barafu. Ukiipata mfukoni mwa muuzaji, iache. Tia tone moja kwenye jicho moja, subiri kuku apepese, ndipo umwachie. Chanja alfajiri kabla hujawafungulia, kuku wote siku moja. Kwa kuwa chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, changeni majirani; ikishafunguliwa na kuchanganywa itumike ndani ya saa mbili.

Ukiamua kuitia kwenye maji ya kunywa, waache na kiu saa mbili, kisha tumia maji ya mvua au ya kisima. Maji ya bomba yana klorini inayoua chanjo. Yaache wazi usiku kucha kwanza, au yatie gramu 2 na nusu za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita.

Kuku wa sokoni asiingie kundini moja kwa moja. Siku 14 peke yake, upande mwingine wa nyumba, na umhudumie baada ya kuwahudumia wengine.

Kuku wakubwa

Hawana shida nyingi. Jioni, kabla ya kulala, kila mmoja apate gramu 30 hadi 50 za nafaka au pumba zilizochanganywa na mukene kidogo. Wanaochakura hupata wanga wa kutosha. Kinachopungua ni protini na chokaa. Mchwa ni protini ya bure: jaza chungu kikuukuu samadi mbichi na mabua, nyunyizia maji, kigeuze juu ya njia ya mchwa jioni, asubuhi kitoe kabla jua halijakali na umwage mbele ya vifaranga wakubwa.

Banda la mbuzi: sakafu kwanza

Mbuzi anayelala juu ya mkojo hupata kwato zilizooza, na mwanambuzi hupata homa ya mapafu. Sakafu iinuliwe mita moja kutoka ardhini, ili mtu aweze kuingiza reki chini kuzoa samadi. Nguzo za mkaratusi zipake oili chafu sehemu itakayofukiwa, kwa sababu ya mchwa. Mbao za sakafu ziwe na upana wa sentimita 4 au 5, na nafasi kati yake sentimita 1 na nusu. Hapa ndipo mafundi hukosea. Nafasi ikiwa finyu, kinyesi hukwama. Ikizidi sentimita 2, mguu wa mwanambuzi hupenya na kuvunjika. Mkatie fundi kijiti cha kipimo, apimie kila ubao.

Kila jike apewe mita moja na nusu za mraba. Upande unaopigwa na mvua uzibwe kabisa, pande nyingine ziwe wazi juu ya kimo cha mbuzi. Hori likae nje ya ukuta, mbuzi atoe kichwa tu kula. Majani akishayakanyaga hayagusi tena, na ni heri yake, kwani kula chini ndiko kunakompa minyoo. Tundika jiwe la chumvi mahali pasipolowa. Ndoo ya maji ifungwe kimo cha kifua, lita 3 hadi 5 kwa mbuzi kwa siku, na zaidi kwa anayenyonyesha.

Kumchagua

Mbuzi wa aina ya Mubende hukua vizuri kwa nyama na ngozi yake ina sifa. Mbuzi wadogo wa Afrika Mashariki, wa Teso na Karamoja, huvumilia njaa na ukame. Chotara wa Boer, mbuzi wa nyama wa asili ya Afrika Kusini, ni wakubwa, lakini wanakula kwa ukubwa huo huo, na kwa anayeanza wanakufa kwa haraka hiyo hiyo.

Fungua mdomo, tazama meno ya mbele ya chini. Meno madogo yote manane ni chini ya mwaka mmoja hivi. Mawili makubwa katikati ni mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Manne ni miaka miwili. Manane makubwa ni mitatu na nusu kwenda juu. Nunua mwenye mawili au manne. Vuta kope ya chini: iwe nyekundu au waridi, si nyeupe. Papasa kiwele, pasiwe na donge. Mwache atembee, umsikilize akikohoa.

Pata risiti, na kama unavuka wilaya pata kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa daktari wa mifugo. Wilaya ikiwekewa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, masoko hufungwa kwa mbuzi pia. Nyumbani mtenge wiki tatu.

Kumlisha bila kumuua

Mbuzi wa kilo 30 anahitaji kilo 4 hadi 5 za majani mabichi kwa siku. Theluthi moja iwe ya jamii ya kunde kama kaliandra au lukina. Lukina isizidi hapo, ina sumu inayonyonyoa manyoya. Maganda ya matoke yakatwekatwe. Maganda na majani ya muhogo, hasa ule mchungu, yaanikwe juani siku mbili kwanza. Mabichi yanaweza kumwua kabla hujamaliza kuosha vyombo.

Majani yenye umande yasiliwe. Kata jioni uyaache yanyauke, au subiri mpaka saa nne asubuhi. Umande hupandisha viluwiluwi vya minyoo kwenye ncha za nyasi, na nyasi changa zenye maji hujaza tumbo gesi. Ukiona ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma, mnyweshe mililita 100 za mafuta ya kupikia polepole, kichwa kikiwa usawa wa mgongo. Ukimwinua kichwa mafuta yataingia mapafuni. Mtembeze, kanda ubavu, na umwite daktari kama uvimbe haupungui ndani ya saa moja.

Ukilazimika kumfunga barabarani, kagua kwanza eneo la kamba na kuokota kila kavera (mfuko wa plastiki). Mbuzi huimeza kwa ajili ya chumvi iliyobaki ndani, na tumboni haitoki.

Minyoo

Minyoo ifyonzayo damu huua mbuzi wengi. Dalili si kuharisha. Ni kope nyeupe, uvimbe laini chini ya taya, kukonda, kisha kifo cha ghafla. Wakati wa mvua angalia kope kila wiki mbili na umpe dawa yule tu mwenye kope zilizofifia. Kuwapa wote kila mwezi hufundisha minyoo kuizoea dawa.

Dawa hupimwa kwa uzito, na kukisia ndiko kunakoharibu. Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa matako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mbuzi mwenye kifua cha sentimita 70 na urefu wa 60 ana kilo 27. Mbuzi huondoa dawa mwilini haraka kuliko kondoo, hivyo kipimo cha kondoo kilichoandikwa kwenye chupa mara nyingi hakimtoshi. Mwulize ofisa wa mifugo wa subkaunti. Albendazole asipewe jike katika mwezi wa kwanza wa mimba.

Ofisa huyo huyo ndiye wa kumwuliza chanjo ya sotoka ya mbuzi, ambayo dozi moja hukinga miaka mitatu hivi, na ile ya homa ya mapafu, ya kila mwaka. Kwato zipunguze kila baada ya wiki nane.

Mimba, kuzaa na miezi mitatu ya mwanzo

Jike huingia joto kila siku 21 hivi: analia, anatikisa mkia, anapanda wenzake. Mpeleke kwa beberu saa 12 baada ya dalili kuanza, alale huko. Andika tarehe ukutani. Siku ya 21 akitulia, hesabu miezi mitano. Jike mdogo asipandwe kabla ya kufika theluthi mbili za uzito wa mama yake. Akipandwa Novemba atazaa Aprili, majani yakiwa tele.

Akianza kusukuma, nusu saa ikapita bila kitu, ita daktari. Kitoto kikitoka, futa pua, chovya kitovu kwenye ayodini, na uhakikishe kimenyonya ndani ya saa mbili. Maziwa yale mazito ya kwanza ndiyo kinga yote aliyo nayo. Cha kilo 2 kinahitaji mililita 200 ndani ya siku ya kwanza. Pacha dhaifu mshikie chuchu. Au kamua, umpe mililita 50 kwa chupa, mara nne. Kondo la nyuma litoke ndani ya saa 12; usilivute.

Wiki ya pili huanza kumung'unya majani. Watengee pembe ambayo wakubwa hawapiti, yenye majani laini na maji. Dawa ya kwanza ya minyoo ni karibu na wiki ya nane. Dume lisilo la mbegu lihasiwe kwa koleo kati ya mwezi mmoja na mitatu. Waachishe kunyonya miezi mitatu hadi minne, na madume yatengwe na majike kabla ya mwezi wa nne, kwa sababu hukomaa mapema kuliko unavyodhani.

Kuku na mbuzi pamoja

Mchana waache wachanganyike. Kuku hula kupe na kuparua samadi kutafuta funza. Usiku kila mmoja kwake. Kuku akilala juu ya hori, kinyesi chake huishia kwenye majani na maji ya mbuzi. Hatari kubwa zaidi ni ya upande wa pili: mbuzi akiingia stoo ya chakula cha kuku, kilo moja au mbili za mahindi yaliyosagwa humchachia tumboni na kumwua siku inayofuata. Mlango wa stoo uwe na komeo la kupinda, si kamba. Anajua kufungua kamba.

Koksidia za kuku haziambukizi mbuzi, wala za mbuzi kuku; hiyo hofu iondoe. Samadi ya mbuzi iende moja kwa moja kwenye migomba, ila ya kuku irundikwe wiki sita kwanza, vinginevyo huunguza mizizi.

Akifa

Usiuze waliobaki haraka haraka. Ndivyo kideri kinavyofika kijiji cha pili. Usitupe kwenye bwawa la mafunjo. Zika kina cha mita moja, nyunyiza chokaa, au choma. Wakifa zaidi ya wawili kwa siku moja, chukua mmoja aliyekufa karibuni, mtie kwenye mifuko miwili, weka barafu pembeni bila kumgandisha, na umfikishe ofisi ya mifugo ya wilaya siku hiyo hiyo, pamoja na karatasi yenye umri wake, chanjo alizopata na chakula alichokula wiki hiyo.